Nepi za watu wazima: zipi zinunuliwe kwanza, sasa kwa kuwa sifa nyingi nzuri zimeondolewa

Mtu anayemuuguza mzazi aliyepooza kwa kiharusi, mwanamume aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tezi dume, au bibi ambaye kibofu chake hakimpi tena muda wa kufika msalani, hununua nepi za aina moja mwezi baada ya mwezi na kupanga maisha yake kwa kuzitegemea: saa za kubadilisha, idadi ya shuka za kufua, hata uamuzi wa kwenda au kutokwenda msibani. Ndiyo maana huumia anapofungua pakiti yenye jina lilelile na picha ileile, kisha akakuta kwamba ukanda wa mbele wa kubandikia haupo, vibandiko vinne vimekuwa viwili, mstari unaoonyesha unyevu umetoweka, na vipande kumi vimekuwa vinane. Mwongozo huu unazipanga nepi hizo kwa daraja, na unasimama juu ya hoja moja: jina la kampuni na idadi ya matone yaliyochorwa kwenye pakiti kuonyesha uwezo wa kufyonza havitoshi tena kuwa kigezo. Mnunuzi anapaswa kununua sifa, na kuzithibitisha kwa macho na vidole vyake kila anapofungua shehena mpya.

Kilichoondolewa

Upotevu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa ukanda wa mbele. Huu ni utepe mpana wa plastiki nyororo uliobandikwa kwenye upande wa mbele wa nepi, chini ya kitovu, ambao vibandiko vya gundi hushikia juu yake. Nepi yenye ukanda huo inaweza kufunguliwa ili kumkagua mgonjwa, kumsafisha au kumsogeza, kisha ikafungwa tena mara kadhaa bila kuchanika. Katika matoleo mengi mapya ukanda umeondolewa, na badala ya gundi vimewekwa vibandiko vyenye vijino vidogo, kama vya velkro, vinavyong'ang'ania nyuzi za uso wa nje unaofanana na kitambaa. Vibandiko hivyo vina faida yake: havipotezi nguvu vikiguswa na mkono wenye mafuta au poda, ilhali gundi ikiguswa hivyo huwa imekwisha kazi. Tatizo huanza baada ya kufungua mara ya kwanza. Vijino vinapobanduliwa huondoka na manyoya ya ule uso, na kila vinaporudishwa vinashika kidogo zaidi, hadi nepi ambayo bado ni kavu inatupwa kwa sababu tu haifungiki. Kwa mgonjwa anayehitaji kukaguliwa mara nyingi, nepi kavu zinazopotea kwa njia hii ni fedha halisi inayotoka mfukoni mwa familia.

Badiliko la pili ni la uso wa nje. Nepi za zamani zilifunikwa kwa plastiki kamili, iliyokuwa ikitoa sauti ya kuchakacha lakini isiyopitisha chochote. Nyingi za sasa zina utando wa plastiki uliochanganywa na vumbi laini la madini ya chokaa, kisha ukavutwa hadi ukapata vitundu vidogo mno vinavyopitisha mvuke bila kupitisha matone ya maji, na juu yake pamewekwa kitambaa chepesi kisichofumwa. Watengenezaji wakubwa duniani wamehamia huko. TENA, kwa mfano, huuita mfumo wake ConfioAir. Sababu yao ina uzito. Ngozi inayofungiwa joto na unyevu hulainika, huchubuka kwa urahisi na kuota fangasi, na yeyote aliyewahi kumuuguza mtu Tanga au Mombasa katika miezi ya kaskazi anajua jinsi mapaja yanavyoungua chini ya plastiki. Hata hivyo, malalamiko ya watumiaji nayo ni ya kweli. Mvuke unaopita hubeba harufu, uso wa nje huwa na unyevunyevu baada ya saa nyingi za kulaliwa, na nepi hulegea pale ilipopaswa kushika umbo lake. Badiliko lenyewe halikuwa baya. Kosa lilikuwa kuiondoa sokoni ile ya plastiki badala ya kuziacha zote mbili, kwa maana mtu wa kutembea mchana na mtu wa kulala saa tisa mfululizo hawana mahitaji yanayofanana.

Kuta za ndani, yaani zile pindo mbili zenye lastiki zinazosimama kando ya mapaja, hazionekani pakiti ikiwa imefungwa, kwa hiyo kupungua kwake huchelewa kugunduliwa. Kazi yake kubwa ni kuzuia haja kubwa iliyo laini isitoke pembeni. Lastiki ya kiuno upande wa mgongo hufanya kazi hiyohiyo kwa mtu anayelala chali, kwa sababu mkojo wa mtu aliyelala huteremka kuelekea mgongoni. Mstari wa unyevu, ambao kwa kawaida hugeuka kutoka njano kuwa bluu, humwezesha anayeuguza kujua hali kwa tochi ya simu usiku bila kumwamsha mzee wala kumfunua. Ikumbukwe tu kwamba mstari huo husema nepi imelowa, hausemi imejaa kiasi gani, na kwamba pakiti iliyokaa muda mrefu kwenye ghala lenye unyevu huweza kubadilika rangi kabla haijavaliwa.

Kuhusu saizi, ndogo kabisa na kubwa kabisa ndizo zinazopotea kwanza, kwa kuwa wanunuzi wake ni wachache. Mzee aliyekonda huishia kuvishwa M inayompwaya mapajani, na huko ndiko mkojo unakovujia.

Kabla ya kwenda dukani

Pima kwa futi ya fundi cherehani sehemu mbili, kiuno na nyonga, kisha utumie kipimo kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Usinunue kwa herufi peke yake, maana L ya kiwanda kimoja huweza kuishia sentimita 130 na ya kingine ikafika 150. Soma sentimita zilizoandikwa nyuma ya pakiti. Imani kwamba nepi kubwa zaidi hubeba zaidi huwapotosha wengi: kinachozuia kuvuja ni kushikamana na mwili kwenye mapaja, na nepi pana kupita kiasi hufungua njia hapo hapo.

Amua pia ni haja ipi inayotoka, kwa kiasi gani, na wakati gani. Mtu mzima mwenye afya hutoa mkojo wa lita moja hadi mbili kwa siku, na kibofu kikijimwaga chote kwa mara moja huweza kutoa mililita 300 hadi 500. Anayevuja matone akikohoa au kucheka hahitaji nepi kamili. Na mwanamke aliyeanza kuvuja mkojo au kinyesi mfululizo baada ya uzazi mgumu asianze na nepi, aanze na hospitali, kwa kuwa huenda ana fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au utumbo, nayo hutibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hutoa matibabu hayo bila malipo. Vilevile, kuvuja kulikoanza ghafla kwa mtu yeyote ni jambo la kumweleza daktari, hata kama nepi inalificha.

Daraja la kwanza: nepi ya kufunga pembeni yenye ukanda wa mbele

Kwa mtu anayelala kitandani muda mwingi, au anayevishwa na mwingine, hakuna kinachoishinda nepi ya kufunga pembeni, yenye vibandiko viwili kila upande, ukanda wa mbele, kuta za ndani zilizosimama na lastiki mgongoni. Huvalishwa mtu akiwa amelala kwa kumgeuza ubavu, na vibandiko viwili kila upande humruhusu anayevalisha kukaza cha chini kuelekea juu ili kubana paja, na cha juu kuelekea chini ili kubana kiuno. Nepi yenye kibandiko kimoja kila upande haiwezi kufanya mambo hayo mawili kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu upungufu huu unaoonekana mdogo huharibu nepi nzima.

Ukiikuta yenye ukanda wa mbele pamoja na mabawa ya pembeni yanayopitisha hewa, huku sehemu ya katikati ikiwa ya plastiki, nunua hiyo kabla ya nyingine zote. Katikati hubaki imezibwa, na ngozi ya nyonga hupata nafuu. Za plastiki tupu, ukibahatika kuzipata, nazipa nafasi ya usiku na safari: basi la kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam si mahali pa kumbadilisha mtu kila baada ya saa tatu. Zikivaliwa mchana na usiku mfululizo katika joto la pwani, ngozi hulipa.

Ikiwa duka lako limebaki na zile za vijino zisizo na ukanda, bado zinafaa kwa masharti. Mvalishe mgonjwa kwa utulivu ili usilazimike kubandua, kisha ukague kwa kuingiza kidole kwenye paja badala ya kufungua mbele. Juu yake mvalishe kaptura nyepesi ya kubana, ambayo fundi yeyote anaweza kuishona kwa kitambaa cha fulana kinachovutika. Kaptura hiyo inashika nepi mahali pake kuliko plasta au utepe wa karatasi, ambavyo havigandi vizuri kwenye uso wa nepi hizo. Wengine hutumia chupi za wavu zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba, nazo zinafaa vilevile.

Daraja la pili: nepi ya kuvaa kama chupi

Hii ni ya mtu anayetembea na anayeweza kwenda msalani mwenyewe lakini mara nyingine hupitiwa na haja kabla hajafika. Huvutwa juu na kushushwa kama nguo ya ndani, haionekani chini ya kanzu, gauni au suruali, na humwachia mzee heshima ya kujihudumia. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 na Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona kwamba wanawake kwa jumla waliipendelea aina hii kwa mchana ingawa ni ghali, ilhali kwa wanaume nepi ya kufunga pembeni ndiyo iliyoonekana kufaa na kuwa na nafuu ya gharama mchana na usiku.

Kikwazo chake kiko kwenye kubadilisha, kwa kuwa ili kuivaa upya sharti suruali na viatu vivuliwe. Zitafute zile zenye mshono wa pembeni unaochanika kwa mkono, na kibandiko kidogo mgongoni cha kufungia iliyotumika baada ya kuikunja. Kibandiko hicho ni sifa nyingine inayopotea kimyakimya, na mtu aliye nje ya nyumba yake ndiye anayejua thamani yake. Usimnunulie mtu asiyeweza kusimama: utamchosha na kujichosha.

Daraja la tatu: pedi kubwa ndani ya chupi ya wavu au ya kubana

Pedi za aina hii hazina mabawa wala vibandiko vya kiuno. Hukaa ndani ya chupi maalumu inayofuliwa na kutumika tena. Faida yake kwa mada yetu ni kwamba kushikilia kunafanywa na chupi, si na kibandiko, kwa hiyo kampuni ikiondoa ukanda wa mbele mtumiaji wa pedi haguswi. Hutumia malighafi kidogo, hivyo mara nyingi huwa nafuu kwa kipande, na huacha nyonga wazi kwa hewa. Zinafaa kwa mkojo wa wastani. Haja kubwa iliyo laini huzishinda.

Hapa nitaje kosa linalofanyika katika nyumba nyingi kwa nia njema, nalo ni kupanga nepi mbili moja juu ya nyingine, au kuweka pedi ya hedhi ndani ya nepi. Pedi hiyo ina plastiki upande wa chini, kwa hiyo ikijaa mkojo humwagikia pembeni bila kuifikia nepi iliyo chini yake. Pedi ya nyongeza inayofaa ni ile isiyo na plastiki, inayoruhusu mkojo kupita kwenda chini. Ukiikosa, chana plastiki ya pedi kwa mkasi mistari mitatu au minne katikati kabla ya kuiweka.

Daraja la nne: nepi za kitambaa za kufua

Nimeziweka hapa, si mwisho, kwa kuwa ndizo pekee ambazo hakuna kiwanda kinachoweza kumbadilishia mtumiaji bila yeye kujua. Kitambaa cha taulo kilichokunjwa tabaka nne, pamoja na kifuniko kisichopitisha maji chenye lastiki laini, hufanya kazi nzuri kwa mtu anayekojoa kidogo na mwenye maji ya kutosha nyumbani. Kanga kuukuu zinafaa kuwa tabaka la juu linalogusa ngozi kwa ulaini wake, lakini peke yake hazifyonzi vya kutosha. Udhaifu uko wazi: kitambaa hakigeuzi mkojo kuwa jeli kama nepi za dukani, hivyo ngozi hubaki imelowa, na lazima kubadilisha mara tu kinapolowa. Gharama ya maji, sabuni, jua la kuanikia na mikono ya anayefua ihesabiwe kwa haki, hasa kipindi cha masika.

Daraja la mwisho: shuka za kufyonza za kutandika

Hizi ni za kulinda godoro, na zinafaa zikiwa nyongeza juu ya mpira wa kitandani. Kumlaza mtu juu yake bila nepi kunaweza kufaa kwa saa chache za kupumzisha ngozi iliyochubuka. Zikitumiwa peke yake usiku kucha, zinamwacha mgonjwa katika ubaridi na unyevu.

Kuijaribu kabla ya kununua katoni

Baadhi ya maduka ya dawa na ya vifaa tiba huuza kipande kimoja kimoja. Nunua viwili kabla ya kununua katoni. Kimoja kivaliwe, kingine kijaribiwe mezani. Chembe zinazogeuka jeli ndani ya nepi, ambazo kitaalamu ni poliakrileti ya sodiamu, hufyonza maji safi mara mia kadhaa ya uzito wake, lakini kwa mkojo uwezo huo hushuka hadi makumi tu kwa sababu ya chumvi. Kwa hiyo jaribio la maji ya bomba hudanganya. Changanya kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji, kisha mimina mililita 300 katikati ya nepi kwa mkupuo, usubiri dakika kumi, umimine 300 nyingine. Baada ya dakika kumi zaidi, weka karatasi ya tishu juu yake na uikandamize kwa kiganja na uzito wa mwili. Tishu ikilowa chapa, ngozi ya mgonjwa italowa hivyo hivyo. Nepi nyembamba zenye chembe nyingi na nyuzi kidogo za mbao hupendeza kwa kufichika, lakini zilizotengenezwa vibaya huchelewa kupokea mkupuo wa pili, kwa kuwa jeli iliyovimba huziba njia ya kusambaza.

Jaribio hili dogo linaeleza kuliko mililita zilizoandikwa kwenye pakiti. Kipimo kinachotumika sana kimataifa, ISO 11948-1 cha mwaka 1996, huizamisha nepi nzima kwenye maji ya chumvi na kuipima uzito. Hakuna binadamu anayekojoa kwa namna hiyo, sehemu zote kwa pamoja na bila kukalia, kwa hiyo uwezo halisi mwilini huwa chini sana ya tarakimu iliyochapishwa. Tarakimu hizo zitumike kulinganisha nepi za kampuni moja tu, si kupanga saa za kubadilisha.

Jambo jingine linalolaumiwa kwa nepi wakati chanzo ni tofauti ni mafuta ya mgando. Yakipakwa kwa wingi hugandia kwenye uso wa ndani na kuuzuia kupokea mkojo. Krimu yenye zinki ipakwe tabaka jembamba, baada ya ngozi kukaushwa kabisa.

Bei

Gawanya bei kwa idadi ya vipande, kila mara, hata kama pakiti inafanana na ya mwezi uliopita. Pakiti ya shilingi 15,000 yenye vipande kumi ni 1,500 kwa kipande. Ikipungua hadi 14,000 kwa vipande vinane, inayoonekana kushuka bei imepanda hadi 1,750. Kisha zidisha kwa matumizi ya siku. Nepi ya 1,200 inayobadilishwa mara tano kwa siku inagharimu 6,000, ilhali ya 1,800 inayobadilishwa mara tatu ni 5,400, bado hujahesabu sabuni ya shuka na dawa ya vidonda.

Ukikuta toleo limebadilika

Hifadhi kipande kimoja cha toleo unaloliamini, pamoja na picha yake ikiwa imefunguliwa, na namba ya toleo iliyopigwa mhuri kwenye pakiti. Maneno "mpya" au "imeboreshwa" yakitokea juu ya pakiti, yawe ishara ya kununua kipande kimoja kwanza na kukilinganisha na hicho ulichohifadhi. Kama bado kuna masalio ya toleo la zamani, maduka ya jumla ya Kariakoo au Nairobi huweza kuwa nayo kwa miezi kadhaa baada ya maduka ya mtaani kuishiwa. Nunua ya kukutosha, lakini usirundike ya mwaka mzima, kwa kuwa gundi na lastiki huchoka kwa joto na mwili wa mgonjwa hubadilika.

Kampuni ina haki ya kubadilisha bidhaa yake. Haina haki ya kuuza pakiti yenye picha ya ukanda wa mbele au maandishi ya vibandiko vinne wakati ndani havimo. Katika hali hiyo rudi dukani ukiwa na risiti na pakiti, na usiporidhika peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani nchini Tanzania, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, au kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambako pia ipo Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Mwandikie na mwagizaji, ambaye jina na anwani yake kwa kawaida huchapishwa nyuma ya pakiti. Taja sifa iliyoondolewa, saizi unayotumia na idadi ya pakiti unazonunua kwa mwezi, kwa sababu mwagizaji anayepokea barua kumi za namna hiyo ana hoja ya kupeleka kiwandani anapoagiza kontena linalofuata, na viwanda vingi vya China na Uturuki hutengeneza kwa maelezo ya anayeagiza.